UZI: Wiki moja ndani ya darasa la awali, siku kwa siku (kwa wazazi wanaouliza mbona daftari ni tupu)

Mwl_Awali

Wanajukwaa, habari za jioni.

Uzi huu naandika kwa sababu ya daftari moja. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama, akaliweka daftari la mwanawe mezani mbele ya watu wote, akalifunua ukurasa kwa ukurasa. Wiki sita tangu shule ifunguliwe, na kurasa zenye maandishi zilikuwa tatu tu. Akasema, "Mwalimu, mwanangu anakunywa uji na kuimba. Kusoma ataanza lini?" Watu kimya. Ajenda zilikuwa nyingi, mwenyekiti akataka tuendelee, nami nikajibu kwa sentensi mbili ambazo hata mimi mwenyewe hazikuniridhisha. Swali lile nimelala nalo siku kadhaa. Lilikuwa swali la haki, na mzazi anayeuliza vile ni mzazi anayefuatilia. Ndiyo maana nataka kueleza wiki yetu iliyopita, Jumatatu mpaka Ijumaa, nini kilifanyika na kwa nini.

Darasa langu lipo Shinyanga vijijini. Rejista ina watoto 58, wengi wa miaka mitano. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hapa nipo mimi, na mama mpishi ambaye akimaliza uji anakuja kunishikia darasa kwa kujitolea, Mungu ambariki. Madawati hayatutoshi, tunakaa kwenye mikeka na viroba vilivyoshonwa pamoja. Vipindi vyetu ni vya dakika 20, maana mtoto wa umri huu ukimkalisha zaidi ya hapo mwili unabaki mkekani lakini yeye ameshaondoka.

Mada ya wiki ilikuwa gulio. Nimeichagua kwa sababu kila mtoto hapa amewahi kubebwa mgongoni kwenda guliani, kwa hiyo hakuna asiye na la kusema.

JUMATATU

Ijumaa iliyotangulia niliwaambia kila mmoja aje na chakula kimoja kutoka nyumbani, kiasi cha kujaa kiganja chake. Asubuhi mifuko ya kaptura ilikuwa imevimba. Choroko, dengu, mtama, mahindi, karanga, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi), matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa ndipo vikakaushwa). Mmoja alileta yai bichi mfukoni na lilifika zima, sijui alitembeaje kilomita mbili.

Tulikaa duara. Kila mtoto anasimama, anataja jina lake, anaonyesha alicholeta, anasema kinapikwaje kwao. Hapo unaweza kuona ni maongezi tu. Lakini mtoto anayesema "mama anaosha, anaweka kwenye sufuria, halafu anachochea moto" ameshapanga mambo matatu kwa mfuatano. Huyo huyo baadaye ndiye atakayeelewa hadithi ina mwanzo na mwisho, na sentensi inaanzia kushoto kwenda kulia.

Kisha nikamwaga vyote kwenye turubai, nikawaambia wapange vinavyofanana pamoja. Sikusema vinafanana kwa lipi. Kundi moja likapanga kwa rangi. Kundi la pili kwa ukubwa. Kundi la tatu likanishangaza: upande mmoja wakaweka karanga, matobolwa na michembe, upande mwingine choroko, dengu, mahindi na mtama, na yai. Nikauliza kwa nini. Msichana mmoja akajibu, "Hivi vya kutafuna ukiwa unachunga, hivi mpaka mama apike." Jamani. Mimi na cheti changu nisingefikiria mgawanyo ule.

Mwisho wa siku tukachukua maharage, tukayalaza kwenye pamba iliyoloweshwa ndani ya vifuniko vya ndoo. Kila kundi kifuniko chake. Pamba haitusumbui huku, tunalima.

Nikitulia nitaendelea na Jumanne, ambayo ndiyo hasa niliyotaka mzazi yule aione.

BabaPili

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama sijakosea umefanya vizuri kuleta mada hii hapa. Mimi si yule baba wa kikao lakini ningeweza kuwa yeye. Mtoto wangu ana miaka mitano na nusu, yuko shule ya awali ya serikali. Mtoto wa jirani wa miaka minne yuko shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza, na daftari lake limejaa, namba 1 mpaka 100 ameziandika. Wa kwangu anarudi nyumbani na udongo kwenye kucha. Nisaidie kuelewa. Nikikaa kimya naona kama namwacha mtoto nyuma.

Mwl_Awali

Marahaba, na asante kwa kuuliza kwa uwazi. Jibu lako limo ndani ya Jumanne, kwa hiyo naileta sasa.

JUMANNE

Siku ya kuhesabu. Vifaa: visoda (vifuniko vya chupa za soda) tulivyookota nyuma ya maduka, tukachemsha, tukavigonga kingo zisikate vidole. Tunavyo zaidi ya 600 kwenye ndoo.

Nina msichana mmoja, nitamwita Binti. Binti anaimba namba mpaka 30 bila kukosea, sauti yake inasikika mpaka ofisini. Kwao wanamsifu kwamba hesabu anajua. Nikamwekea visoda saba kwenye mkeka, nikamwambia nihesabie. Akaanza: moja, mbili, tatu, huku kidole kinatembea. Nilipoangalia kidole chake vizuri nikaona mdomo umetangulia. Kisoda kimoja kilipata "nne-tano" kwa pamoja. Kingine akakirudia. Akamaliza na "tisa!" kwa furaha kabisa. Nikamwambia hesabu tena. Akapata nane.

Wazazi, hapa ndipo penyewe. Binti angeandika 1 mpaka 30 daftarini, na wewe ungefurahi, na mimi ningeweka tiki nyekundu. Na bado asingejua saba ni nini. Kwake namba ni wimbo.

Dawa yake haimo kwenye daftari. Nilichora mstari wa chaki sakafuni. Visoda vyote upande huu. Kila ukisema namba moja unasukuma kisoda kimoja kivuke mstari, na kilichovuka hakirudi. Kidole kikilazimika kusukuma hakiwezi kukimbia. Kisha nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikatoboa mfuniko tundu la kupita kisoda. Dondosha, sikia "ka!", ndipo useme. Sikio nalo likawa shahidi. Watoto wanne walikaa kwenye kopo lile kipindi kizima hawataki kutoka.

Baada ya hapo kuna hatua nyingine ambayo watu wazima tumeshasahau kama tuliwahi kuivuka. Mtoto anahesabu vizuri kabisa: moja, mbili, tatu, nne, tano. Unamwuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu... Hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitamka ndiyo jibu, kwamba ile "tano" ni ya fungu zima na si jina la kisoda cha tano. Katika watoto 58, wiki ile niliwapima 20, na 11 walikuwa bado wanaanza upya. Hao nikiwapa kujumlisha kwenye daftari nitakuwa nawaonea.

BabaPili, jaribu leo nyumbani. Mpe mwanao maharage sita ayahesabu, usimwonyeshe namna ya kuhesabu, halafu mwulize yako mangapi. Angalia kidole, usisikilize mdomo tu. Mtoto wa jirani sina neno naye, huenda anajua kweli. Ila kurasa 20 za namba hazitakuambia.

NesiWaZamu

Naomba niongeze upande wangu. Wazazi wengi hawajui mkono wa mtoto wa miaka mitano haujakamilika. Kwenye kifundo cha mkono kuna mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa yote ni gegedu laini, inakuwa mifupa kidogo kidogo kadiri anavyokua, na ule wa mwisho hufika kati ya miaka 9 na 12. Misuli midogo ya vidole nayo ndiyo kwanza inajengeka. Mtoto huyu ukimshikisha penseli aandike mstari baada ya mstari ataikamata kwa ngumi nzima, atabonyeza mpaka karatasi itoboke, na mkono utamuuma. Kisha atasema hapendi shule, na wewe utadhani ni mvivu. Kufinyanga udongo, kupembua choroko, kutia shanga uzini, kukamua nguo, hiyo ndiyo mazoezi ya mkono wa kuandika. Huo udongo kwenye kucha za mwanao, BabaPili, mimi ningeufurahia. Muoshe tu kabla hajala.

Mwl_Awali

Nesi, asante sana. Maneno haya nitayasema kwenye kikao kijacho kwa jina lako la humu. Na umenisogeza kwenye siku inayofuata.

JUMATANO

Azimio la kazi lilisema sauti /m/. Mahindi, mtama, michembe, muwa, mhogo, guliani /m/ ziko tele. Mpango wangu ulikuwa watoto waanze kwa sikio (natamka neno, likianza na /m/ wanapiga kofi), kisha mkono: kuifinyanga herufi kwa udongo wa mfinyanzi, kuichora kwenye mchanga mkavu niliouchekecha na kuutandaza kwenye trei za mbao. Penseli ingekuja mwisho kabisa, kwa wale tu ambao mkono umeiva.

Saa tatu ikashuka mvua. Paa letu ni bati tupu, halina dari. Mvua ya huku ikipiga bati, hata mwalimu wa darasa la saba anaweka chaki chini. Nikisema /m/ hakuna anayesikia. Na trei za mchanga nilikuwa nimezianika nje.

Nilisimama dakika moja nikiwa nimekasirika. Kisha nikaona watoto wote wanaangalia juu. Nikawaashiria wafumbe macho, wanyooshe mkono juu mvua ikizidi, waushushe ikipungua. Mikono 50 na zaidi ilipanda na kushuka kwa pamoja kama mtama unaopulizwa na upepo. Tulikaa hivyo hadi mvua ikakatika. Kusikiliza namna ile, kutenganisha sauti kubwa na ndogo, ni mazoezi ya sikio kabla mtoto hajafika kwenye kutofautisha /p/ na /b/, kwa hiyo kipindi hakikupotea, kilibadilika tu.

Tulipotoka, mchanga wa kwenye trei ulikuwa umeloa chapachapa. Nikataka kuumwaga. Mvulana mmoja akatia kidole, akachora, na mstari ukabaki umesimama wazi, una kingo. Mchanga mkavu huwa unabomoka na kufukia alichoandika mtoto kabla hajakitazama. Ule wa unyevu unashika. Miaka yote nimekuwa nikianika mchanga! Sasa nanyunyizia maji kidogo kwa makusudi.

Mwl_MbeyaVijijini

Dada, hilo la mchanga nimelichukua. Sisi tulitumia msasa. Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua Nyumba yake ya Watoto pale Roma mwaka 1907, alikata herufi kwenye msasa akazibandika kwenye vibao, mtoto anapitisha vidole huku anatamka sauti. Msasa hardware unauzwa bei ndogo, na karatasi moja inatoa herufi tano au sita. Ila hakikisha unapata ule laini, wenye chembe kubwa unachubua.

Swali langu ni darasa lenyewe. Watoto 58! Mimi ninao 71 na kona za ujifunzaji (zile sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia) zimenishinda. Nikifungua kona tano, dakika ya tatu kona ya ujenzi wanarushiana vipande vya mbao. Unafanyaje?

Mwl_Awali

Kaka, hata mimi zilinishinda mwaka wa kwanza wote, tena nililia. Nilichojifunza ni kutofungua kona tano siku moja kwa watoto ambao hawajazijua. Wiki mbili za mwanzo tulikuwa na kona moja tu, wote tukajifunza kuingia, kutumia, kurudisha. Kurudisha nilikufundisha kama somo lenyewe. Kila kifaa nimechora kivuli chake kwenye boksi, kikombe kinakaa penye picha ya kikombe. Baadaye ikaongezwa ya pili. Leo ziko tano: hisabati, lugha, nyumbani, ujenzi, na sayansi.

Watoto nimewagawa makundi matano, kila kundi lina kipande cha kitenge chake mkononi, na kiongozi wa kundi anabadilika kila wiki. Mimi nakaa kona moja tu kwa siku, ile inayohitaji mwalimu. Mama mpishi anakaa kwenye ile yenye fujo. Tatu zilizobaki ni lazima ziwe na kazi ambayo watoto wameshaizoea kabisa, hakuna jambo jipya. Ukiweka jambo jipya kwenye kona isiyo na mtu mzima, hapo ndipo mbao zinaruka.

Kwa 71 sina la kukudanganya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka wa awali kuwa wa lazima, na ada ilipoondolewa 2016 watoto wakaja, na ilikuwa haki yao kuja. Walimu wa awali na vyumba havikuja kwa kasi ile. Mimi kila ripoti naandika idadi yangu kwa namba, mstari wa kwanza, nasaini. Nawe andika.

PP2_Kwale

Salamu kutoka Kwale, Kenya. Huku kwetu shule za chekechea ziko chini ya kaunti, nasi tunafuata mtaala wa umilisi, PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya awali. Majina tu yanatofautiana, watoto ni wale wale, na wazazi wanaouliza daftari ni wale wale.

Mwalimu nataka kukuuliza juu ya lugha. Wangu wengi wanaingia na Kidigo, wengine Kiduruma. Kidigo na Kiswahili ni jirani, kwa hiyo wanashika upesi, lakini yuko mtoto wa Kiduruma alikaa muhula mzima hajafungua kinywa. Nilidhani ana tatizo la kusikia. Siku moja nikamkuta uwanjani anawapanga wenzake kwenye mchezo, anatoa amri kama chifu. Wewe kwenu Kisukuma unakifanyia nini?

BiKombe

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, nimesomesha skuli ya chekechea ya madrasa kwa miaka mingi. Mpango wetu ulianzia Mombasa mwaka 1986, ukaja Zanzibar 1990, na jambo la mwanzo tulilofunzwa ni kuwa usinunue kitu ambacho pwani inakupa bure. Kombe (maganda ya baharini), vifuu vya nazi, makuti, mbegu za mbuyu. Kombe ni zana nzuri mno ya kupanga, maana hakuna mbili zilizo sawasawa, mtoto analazimika kutazama. Vifuu ni vya kupimia: vifuu vingapi vya mchanga vinajaza ndoo? Watoto huuliza kwanza, wakabahatisha, wakapima. Sikupata kuona mtoto aliyechoka na kazi hiyo.

Na lugha ya nyumbani, mwanangu PP2, isidharauliwe. Mtoto ukimnyima maneno yake asubuhi, mchana hana cha kukupa.

Mwl_Awali

Bi Kombe, shikamoo. Kwetu vifuu hakuna, lakini vibuyu vipo, wiki ijayo tunapima.

PP2, lugha ya kufundishia kwetu ni Kiswahili, na mimi nafundisha Kiswahili. Lakini kwenye duara la asubuhi sijamzuia mtoto kuanza na Kisukuma. Akisema "minzi" nasema, "Ndiyo, maji. Maji yamefanyaje?" Sisemi amekosea, maana hajakosea, namkabidhi tu neno la pili. Na mimi pia ninaye mmoja kama wako. Subiri Ijumaa.

ALHAMISI

Nitaipitia haraka. Tuliimba, tulinawa kwenye kibuyu chirizi (kidumu kinachochirizisha maji) kwa zamu na sabuni, tukajifunza kwa nini muuza karanga ananawa kabla ya kufunga karanga. Tukachora gulio kwa mkaa kwenye karatasi za manila. Michezo ya nje, kuruka kamba, na rede.

Lililotikisa darasa ni maharage. Jumanne yalikuwa yamevimba tu, ngozi imejikunja. Jumatano hatukuyaona vizuri kwa sababu ya mvua. Alhamisi asubuhi kundi la kitenge cha bluu likapiga kelele: "Limetoa mkia!" Ni mzizi, mweupe, mfupi kuliko ukucha. Wote walikwenda kuangalia ya kwao. Kifuniko cha kitenge chekundu hakikuwa na hata mkia mmoja, na pamba ilikuwa kavu kama chaki. Kundi lile lilisahau kumwagilia tangu Jumatatu. Sikusema neno. Mtoto mmoja wa kundi hilo alichuchumaa pale akaangalia cha kwao, akaangalia cha bluu, akarudi kwa cha kwao. Kisha akaenda kuchukua kikombe. Kwa umri ule, kulinganisha vitu viwili na kugundua tofauti ni moja tu, maji, ndiyo sayansi yenyewe.

IJUMAA

Gulio likafunguliwa darasani. Meza za maboksi, mizani ya kijiti na vikopo viwili, pesa za manila tulizozikata na kuziandika: 100, 200, 500. Wauzaji watano kwa zamu, wengine wateja. Niliwaalika wazazi na mabibi waje kununua, wakaja kumi na wawili, wengi wakina mama waliotoka shamba na majembe yao wameyaegesha ukutani.

Yule mtoto wangu asiyesema alikuwa muuzaji wa dengu. Wiki saba darasani kwangu nimesikia kutoka kwake "ndiyo" na "hapana" tu. Nilimpa nafasi ile nikiwa na wasiwasi. Bibi mmoja akaja mbele yake. Mtoto akasimama wima akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Bibi akaitikia. Wakazungumza kidogo, sikusogea. Kisha bibi akauliza bei, na mtoto akageuka kwenye kadi yenye bei, akaisoma kwa Kiswahili, sauti ya kawaida kabisa kama mtu aliyekuwa akisema siku zote: "Kikombe kimoja shilingi mia mbili."

Bibi akatoa noti ya manila ya 200. Mtoto akajaza kikombe, akakipangusa juu kwa kiganja kikawa sawa, akamwaga kwenye mfuko. Bibi hakuondoka. Akabaki ameufungua mfuko, anamwangalia. Mtoto naye akamwangalia. Kisha akachota dengu kwa vidole vitatu akaongeza. Nyongeza! Hakuna aliyemfundisha hapa. Ameiona guliani mgongoni kwa mama yake.

Binti alikuwa meza ya jirani, anauza visoda badala ya mayai. Mteja akataka vinne. Akasukuma kimoja kimoja kuvuka ukingo wa boksi: moja, mbili, tatu, nne. Nikamwuliza, "Umempa vingapi?" Akasema, "Vinne." Hakuanza upya. Nilikwenda dirishani kidogo nikajifanya naangalia nje.

Jioni nikakaa na daftari langu, si la watoto, langu lenye majina 58. Kila wiki nawaandika 12 hivi kwa undani, kwa zamu, ili ndani ya wiki tano kila mmoja awe ameonekana. Nani anahesabu na kujua jumla, nani anashika penseli kwa vidole vitatu, nani amecheza peke yake, nani hakuja Alhamisi na kwa nini. BabaPili, hilo ndilo daftari ambalo mzazi anaruhusiwa kuja kuliomba. Mwombe mwalimu wa mwanao akuonyeshe la kwake.

Kurasa za mtoto zilizoandikwa wiki ile: moja. Watoto 23 ambao mkono umeiva waliandika m, mistari miwili.

Mwl_MbeyaVijijini

Dada, hiyo ya nyongeza nimewasomea walimu wenzangu ofisini wawili wakakaa kimya. Jumatatu naanza na kona moja.

BabaPili

Mwalimu, nilifanya ulivyosema. Maharage sita. Alihesabu sita sawasawa, nikauliza yako mangapi, akaanza upya, moja, mbili, tatu. Nilikuwa sijui kabisa kama kitu hicho kipo. Nimekuwa nikimchapa kidogo mkononi akikosea kuandika 5. Nimeacha.

Sasa nina swali la nyumbani. Sina visoda 600 wala turubai. Nikirudi kazini ni saa moja usiku, nina kama nusu saa naye kabla hajalala. Nifanye nini?

Mwl_Awali

Nusu saa inatosha sana, na usimwekee darasa. Mpe kazi ya nyumba yenye namba ndani yake. Kupanga sahani za chakula ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana kila mtu sahani moja, na ikipungua au ikizidi mtu analalamika, kwa hiyo anajisahihisha mwenyewe. Usimwambie ziwe ngapi. Mwambie tu "tuwekee sahani." Apembue mchele na mama yake, vidole vitamshukuru Nesi. Na kabla ya kulala mtambie hadithi bila kitabu, katikati simama, mwulize, "Unadhani ikawaje?"

Wiki ijayo mada yetu ni maji. Natafuta chupa za plastiki za nusu lita na lita moja, zenye vifuniko, zisizopungua 30. Aliye karibu na mimi anijulishe faragha.

BabaPili

Narudi kutoa taarifa. Jana usiku nilimwambia atuwekee sahani. Sisi nyumbani tupo watano. Akaenda jikoni, akazileta moja moja, akaziweka sita. Nikamwambia umezidisha, hesabu tena. Akahesabu kwa kidole, taratibu, mpaka sita, akasema, "Sita." Nikamwuliza sisi tupo wangapi. Akasema, "Watano. Hii ya babu."

Baba yangu alikuwa njiani kutoka Kahama, mama yao alikuwa amemwambia mchana. Aliingia saa mbili kasoro, chakula kikiwa bado cha moto.